Barua ya wazi: Bima ya mwanajeshi isiyolipa kifo cha mwanajeshi

Langoni, kisiwani Lamu

Kwa waheshimiwa wenye dhamana ya ulinzi wa nchi, wenye dhamana ya kusimamia biashara ya bima, na nyinyi wabunge mnaokaa kwenye kamati za mambo hayo mawili,

KUH: BIMA YA MAISHA KWA FAMILIA ZA WANAJESHI NA KWA SISI WASTAAFU

Waheshimiwa,

Assalaam aleikum, na kwa wasiokuwa Waislamu, hamjambo. Mimi ni mwanamaji mstaafu, mzaliwa wa hapa Lamu, jina langu na namba yangu ya utumishi mnazo kwenye barua tatu nilizowaletea kabla ya hii. Ya kwanza niliipeleka kwa mkono nikagongewa muhuri, ya pili nikaituma kwa posta ya rejista, ya tatu mwanangu akanisaidia kuituma kwa imeili. Nilichojibiwa ni mstari mmoja, kwamba barua imepokelewa na inashughulikiwa, na namba ya simu ambayo inalia mpaka inakatika yenyewe. Sasa nimechoka kupigwa danadana, kwa hivo leo naandika mbele ya watu wote wasome.

Kisa chenyewe ni hiki. Shemeji yangu, mume wa dadangu, alikuwa koplo wa jeshi la nchi kavu. Alikuwa akikatwa shilingi 3,500 kila mwezi juu kwa juu kwenye pesilipu, miaka 6 mizima, pigeni hesabu wenyewe, ni 252,000. Ajenti alikuja kambini amevaa tai, akawaambia vijana hii ndio bima ya maisha ya wanajeshi, ukiondoka wewe watoto wanabaki na kitu. Alafu siku ikafika, gari lao likakanyaga kilipuzi kilichotegwa kwenye barabara ya vumbi, na si Somalia, ni huku huku bara yetu ya Lamu, njia ambayo siku zingine inapita malori ya maembe na ufuta. Jeshi lilimleta, likamsindikiza kwa heshima zote, na pensheni ya mjane inaingia. Hapo sina neno, na nalisema mapema ili asije mtu akasema nalitukana jeshi nililolitumikia.

Ugomvi wangu ni ile karatasi moja iliyotoka kwa kampuni ya bima. Inasema kifo kimetokana na vita, ugaidi au mambo yanayofanana na hayo kwa hivo hakilipwi, watarudisha sehemu ya michango, poleni kwa msiba. Basi. Miaka 6 ya kukatwa, jibu ukurasa mmoja na nusu yake ni nembo ya kampuni.

Haya ndiyo yanayotukera, nimeyapa namba ili mkijibu mjibu moja moja.

1. Bima ya mwanajeshi inakitoa nje kifo cha mwanajeshi.

Hiki kipengele cha vita kiko kwenye mikataba mingi tu ya bima ya maisha duniani, si kitu kilichobuniwa Kenya, najua. Kwa mwalimu au muuza duka hakina shida, kwa sababu uwezekano wa yeye kufa vitani ni mdogo. Lakini mkataba huohuo kuuchukua kama ulivyo, ukaingia nao kambini, ukamuuzia mtu ambaye kazi yake ndiyo hiyo, waheshimiwa ni sawa na kumuuzia mvuvi wa Kizingitini bima ya chombo alafu ndani umeandika kwamba kikizama baharini hulipwi. Kikipigwa na radi kikiwa kimepakiwa pwani, hapo utalipwa. Nani atanunua hiyo akielezwa? Hakuna. Ndiyo maana haelezwi.

Na kuna hili neno vita lenyewe. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 132, inasema Rais anatangaza vita kwa idhini ya Bunge. Mimi naishi hapa, sijasikia hata siku moja Bunge limekaa likaidhinisha vita dhidi ya Lamu. Huku kuwasaka Al-Shabaab kwenye msitu wa Boni, tangu Septemba 2015, serikali yenyewe inakuita operesheni, ilianza ikaitwa Linda Boni na baadaye ikawa Amani Boni. Kwa hivo mbele ya wananchi ni operesheni ya usalama na ni amani, lakini mbele ya mjane ni vita. Mtasema mkataba umeandika vita viwe vimetangazwa au havijatangazwa, na ugaidi nao umetajwa. Ndiyo, nimeusoma, ukurasa wa 11, maandishi ya kuvalia miwani. Swali langu si kama imeandikwa, ni nani aliruhusu bidhaa ya namna hiyo iuzwe kambini na ikatwe kwenye mshahara wa serikali kila mwezi.

Kampuni nazo zitasema hatari ni kubwa mno, wakifa wengi siku moja kampuni inaanguka. Hiyo hoja ina ukweli na sitaidharau. El Adde, ile kambi yetu ya Somalia iliyovamiwa tarehe 15 Januari 2016, sote twaijua, mpaka leo familia zinaomba hesabu rasmi. Lakini wenzetu walishakutana na tatizo hilihili wakalitatua. Marekani mwaka 1965, vita vya Vietnam vikipamba moto, kampuni za bima zilianza kuwakwepa wanajeshi, serikali ikaanzisha bima ya wanajeshi inayoitwa SGLI. Bima inaendeshwa na kampuni binafsi, mwanajeshi anachangia kidogo kila mwezi, na vifo vikizidi kwa sababu ya vita serikali ndiyo inalipa ile ziada. Kipengele cha vita hakipo. Anayeingia jeshini anaandikishwa moja kwa moja, asiyetaka ndio ajitoe kwa maandishi.

Na hawa Wamarekani hatuwasomi kwenye magazeti tu, wako hapa ng'ambo ya maji. Kambi ya Manda Bay ilipovamiwa alfajiri ya tarehe 5 Januari 2020 walikufa Wamarekani 3, mwanajeshi mmoja na wafanyakazi wawili wa kandarasi. Wakati ule kiwango cha juu cha bima ya mwanajeshi wao kilikuwa dola 400,000, tangu Machi 2023 ni dola 500,000. Sisemi tulipwe hizo, sisi si Marekani na pesa zetu twazijua. Nasema adui ni mmoja, ufuo ni mmoja, na hata risasi zilitoka upande mmoja, lakini wa kwao akifa bima inalipa bila kuuliza kama ilikuwa vita, wa kwetu akifa anaanza kufasiriwa neno.

2. Siku 90 na eda.

Hapa ndipo niliposhindwa kulala. Mkataba ulitaka madai yafikishwe ndani ya siku 90, mdai mwenyewe afike ofisini Nairobi na karatasi asilia atie saini mbele yao. Dadangu alikuwa eda. Mjane wa Kiislamu anakaa eda miezi minne na siku kumi, na akiwa mjamzito ni mpaka ajifungue, hatoki kwenda kuzunguka maofisini. Sasa miezi minne na siku kumi ni kama siku 128. Yaani kabla hajavua nguo za eda muda wa kampuni ulikuwa ushapita siku nyingi. Aliyeandika hio siku 90 hakufikiria kwamba kuna wajane wa namna hii, na kambini vijana wa Lamu, Garissa, Wajir, Mandera, Kwale wamejaa tele.

Hata bila eda, mnajua safari yake? Boti mpaka Mokowe, basi kutwa nzima mpaka Mombasa, njiani mnasimamishwa kwenye vizuizi msubiri magari yakusanyike muongozwe na askari, alafu tena usiku mzima mpaka Nairobi. Na mtoto wa kunyonya. Na ukifika unaambiwa hii kopi ya kitambulisho haionekani vizuri, rudi. Mimi ndiye nilienda badala yake, nikaambiwa shemeji hatambuliki kwenye madai, aje mwenyewe. Nikawauliza kwani hapo mezani hamna simu ya kumpigia kwa video? Yule kijana akanitazama kama nimemtukana.

3. Waliopotea.

Sheria yetu ya Ushahidi, kifungu 118A, mtu asiposikika miaka 7 na wale ambao wangemsikia, ndipo anahesabiwa amekufa. Kwa mfanyabiashara aliyetoroka madeni sawa, tusubiri. Lakini kwa askari ambaye kambi yake ilichomwa na hakusikika tena, familia isubiri miaka 7 bima ifunguliwe? Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza atakuwa anakaribia sekondari. Wa El Adde miaka hiyo ilitimia Januari 2023. Na kitu cha kuchekesha kama si cha kulia, mshahara ukisimama michango inasimama, michango ikisimama bima inakufa, kwa hivo mtu anaweza kupotea kazini na bima yake ikafa kabla yake yeye kuhesabiwa amekufa.

4. Siku unayostaafu ndiyo siku unayovuliwa.

Hili ni langu mwenyewe. Wengi wetu wenye vyeo vya chini tunatoka jeshini tukiwa na miaka arobaini na kitu, watoto bado wanasoma, nyumba haijaezekwa. Nilipotoka nilirudisha sare, nikarudisha kitambulisho, nikapewa mkono na cheti. Hakuna aliyenikalisha akaniambia afande, ile bima ya kikundi imekwisha leo saa sita usiku, na ile nyingine uliyokuwa ukikatwa kwenye pesilipu sasa utailipa mwenyewe kwa benki, na ukipitisha kama siku 30 bila kulipa inakufa. Nilikuja kujua baada ya miezi minane. Nikaenda kutafuta mpya, nikapimwa, presha iko juu, sikio la kushoto halisikii vizuri kwa sababu ya miaka ya injini na mizinga, mgongo ndio usiseme. Nikaulizwa kama napata usingizi, nikasema ukweli. Bora ningedanganya. Bei niliyopewa ilikuwa karibu robo ya pensheni yangu, nikawaambia asanteni nikapanda boti nikarudi kuangalia nyavu.

Yaani jeshi limekuchukua ukiwa mzima na limekurudisha na hitilafu, alafu hitilafu hizohizo ndizo zinazokufanya ukose bima, au uuziwe ghali. Kule kwa wenzetu Marekani, mimi nilisoma hili mara mbili nikidhani nimekosea, bima ya kazini inaendelea siku 120 bure baada ya kutoka, na una mwaka mmoja na siku 120 za kuibadilisha iwe ya mstaafu, na ukiomba ndani ya siku 240 za kwanza hawakuulizi habari ya afya yako kabisa. Hakuna kupimwa. Hicho kitu kimoja tu kingeokoa nusu ya wenzangu ninaokaa nao barazani.

Kwa vijana mlio kazini na mnasoma hii barua isiyowahusu, nitawaambia kidogo kwa sababu hakuna atakayewaambia. Bima ya muda ni rahisi lakini usipokufa hurudishiwi kitu. Ile ya akiba na bima pamoja ni ghali na ukiivunja mapema unapata chini ya ulichoweka. Ya mazishi ni ya mazishi tu, haisomeshi mtoto. Yoyote ile, usianze na ukurasa wa picha ya familia inayocheka, anza na ule wa mambo yasiyolipwa. Na angalia jina uliloandika. Shemeji aliandika jina la mamake akiwa kuruta wa miaka 19, hajaoa, mama akafariki, fomu ikabaki vilevile mpaka siku ya mwisho. Hilo nalo limetupeleka kwa Kadhi na kurudi.

5. Takaful.

Kuna wanajeshi ambao hawachukui bima yoyote kwa sababu ya riba na kwa sababu ya mashaka yaliyomo kwenye mkataba, na ni haki yao. Takaful, yaani bima ya Kiislamu, iko Kenya hii na si kitu cha ajabu, watu wanachangia mfuko mmoja kwa nia ya kusaidiana, mwendeshaji anachukua ujira wake wa uwakala, kinachobaki ni cha wachangiaji. Miaka yangu yote kambini sikuletewa hata ajenti mmoja wa takaful, walikuja wa tai tu. Na mrithi aliyeandikwa kwenye fomu, kwetu sisi ni wa kuipokea pesa na kuifikisha kwa warithi. Mke akiwa na watoto fungu lake ni thumni, yaani moja ya nane, wakiwa wake wawili wanagawana hiyohiyo. Kampuni inayolipa jina moja alafu ikanawa mikono inatuachia vita vya ndugu ambavyo navyo, nadhani, havilipwi.

6. Lugha. Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi, kifungu cha 7 cha Katiba. Mkataba wa koplo uje kwa Kiswahili. Hili halihitaji kamati.

Sasa najua mtakavyojibu, kwa sababu kwenye vile vikao vya pembeni nshajibiwa.

Mtasema mwanajeshi ana pensheni na fidia yake. Ni kweli. Lakini pensheni ni haki ya kazi na bima ni kitu alichokinunua kwa pesa yake, moja haifuti nyingine. Na mkitaka tulinganishe, kijana anayebeba mizigo pale bandari mpya ya Lamu analindwa na Sheria ya fidia ya kazini ya 2007, ile inayopiga hesabu ya miezi 96 ya mshahara. Sheria hio hio imeandika waziwazi kwamba inawahusu mpaka waajiriwa wa serikali isipokuwa wanajeshi. Sawa, tuna utaratibu wetu, lakini basi huo utaratibu wetu usiwe sababu ya kila mtu mwingine kutufungia mlango.

Mtasema DEFMIS, ile bima ya matibabu ya wanajeshi wastaafu, ipo. Ipo, na wazee wanaitumia, ila ile ni ya hospitali, nazungumzia siku hospitali ikishindwa. Mtasema Sheria ya wanajeshi wastaafu ya 2022 imeshapita. Tumefurahi, tunaomba itufikie huku visiwani, maana sheria nayo inahitaji boti.

Na mtasema hakuna bajeti. Hapo ndipo ninapokasirika kidogo mnisamehe, kwa sababu pesa zipo, zinakatwa kila mwezi kwenye mishahara ya vijana na zinakwenda mahali. Siombi mlete pesa mpya zote, naomba zile zinazokatwa zinunue kitu.

Tunachoomba ni hiki. Kampuni yoyote inayokata mshahara wa mwanajeshi ama iondoe kipengele cha vita na ugaidi, ama iondoke kambini, na kuwe na bima moja ya msingi kwa vyeo vyote ambayo serikali inabeba ziada ya vifo vya operesheni. Muda wa madai usianze kuhesabiwa mjane akiwa eda, na madai yapokelewe Huduma Centre hapa Lamu na Malindi badala ya Nairobi tu. Cheti cha jeshi kwamba askari hajulikani alipo kitoshe kulipa, bila kungoja miaka 7, na bima isife mshahara wake ukisimama. Anayestaafu apewe walau mwaka mmoja wa kubadilisha bima yake bila kupimwa, aelezwe kabla hajarudisha sare. Takaful iwekwe mezani pamoja na zingine. Na majalada ya wote walionyimwa kwa kipengele cha vita tangu Oktoba 2011 tulipoingia Somalia yafunguliwe upya, la dadangu likiwemo.

Nawapa siku 60 kuanzia leo. Naomba nijibiwe kwa barua yenye saini ya mtu mwenye jina na cheo, sitaki tena simu ya "mzee tunakuheshimu sana". Zikipita siku hizo tutakuja wenyewe, na nshaongea na wajane tisa wa hapa kisiwani na wa bara, wa Mpeketoni, Hindi na Witu, Waislamu na Wakristo, wote wana karatasi ya ukurasa mmoja kama ya kwetu. Nauli tunachanga.

Ni mimi wenu mtiifu,

Mwanamaji mstaafu,
Langoni, Lamu

Nakala:
Mbunge wetu
Kadhi, Lamu
Wenzangu wa chama cha wanajeshi wastaafu, tawi la Pwani
Kampuni yenyewe, wanajijua